Jina Ukingoni mwa Lenzi: Safari ya Vioo kutoka Vienna hadi Ontario

Makala yetu ya historia leo yanaanzia Parkdale, mtaa ulio upande wa magharibi wa jiji la Toronto nchini Kanada, karibu na ufuko wa ziwa Ontario. Yatapita Vienna, London, Mombasa na Jena, kisha yatarejea huku huku yalikoanza. Tunazungumzia lenzi za kamera, vile vioo vilivyotuletea sura za wazee wetu, na ambavyo ni wachache kati yetu waliowahi kujiuliza vilibuniwa na nani.

Parkdale kilikuwa kijiji chenye mamlaka yake kuanzia mwaka 1879, na mwaka 1889 kikaunganishwa na Toronto. Zama hizo wenye mali walijenga hapa nyumba kubwa kubwa ili wapate upepo wa ziwa. Katika miaka ya 1950 barabara kuu ya Gardiner ilikata kati ya mtaa na maji. Wenye mali wakahama, nyumba zao zikagawanywa vyumba vya kupangisha, na maghorofa yakainuka kando ya barabara ya Jameson. Tangu hapo Parkdale imekuwa mlango wa wageni: Watibeti, Wafilipino, Watamil, watu wa visiwa vya Karibi, na sisi wa Afrika Mashariki ambao si wengi, lakini tupo.

Jumamosi moja ya baridi kali nilikuwa nikipita barabara ya Queen, pale tramu zinapopita, nikamkuta mzee mmoja jirani yangu amesimama mbele ya dirisha la duka dogo la kamera kuukuu. Mzee huyu ni mzaliwa wa Mombasa, na ujanani alifanya kazi katika studio ya picha huko nyumbani. Ameniomba nisimtaje jina, kwa hiyo katika makala haya nitamwita Mzee.

"Shikamoo, Mzee. Mbona umesimama kwenye baridi hii?"

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone hizi mbili."

Nyuma ya kioo cha dirisha zilikuwapo lenzi mbili za Summicron za milimita 35, umbo moja na ukubwa mmoja, kama pacha. Ukingoni mwa moja limechongwa jina Wetzlar, mji wa Ujerumani. Ukingoni mwa nyingine limechongwa jina Canada. Ile ya Wetzlar ilikuwa na bei kubwa zaidi.

"Kioo kimoja, bei mbili," Mzee akasema. "Wewe mtu wa redio, hebu nieleze sababu yake."

Sikuwa na jibu. Makala haya, mpenzi msikilizaji, ni jaribio la kumjibu.

Hesabu za Vienna

Kazi ya lenzi ni kuikusanya miale ya mwanga iliyotoka mahali pamoja na kuikutanisha tena mahali pamoja, juu ya filamu. Kwa kusema ni jambo jepesi. Kwa kutenda, kipande kimoja cha kioo hakiliwezi. Miale inayopita pembezoni mwa kioo hukutana karibu zaidi kuliko ile inayopita katikati. Rangi ya buluu hupindwa zaidi kuliko nyekundu. Mistari iliyonyooka hupinda, na pembe za picha huingia ukungu. Mwaka 1857 mwanahisabati wa Munich, Philipp Ludwig von Seidel, alizipanga kasoro hizi katika mafungu 5, ukiacha zile za rangi. Mbunifu wa lenzi hupambana nazo kwa kuunganisha vioo vya maumbo tofauti, mbinuko na mbonyeo, ili kasoro ya kioo kimoja ifutwe na kasoro ya mwenzake. Hata hivyo, kila anapoibana moja, nyingine huchomoza. Ni kama mtu aliyejifunika shuka fupi: akivuta juu, miguu inabaki nje.

Louis Daguerre alipotangaza njia yake ya kupiga picha mjini Paris mwaka 1839, lenzi zilizokuwepo zilikuwa na tundu dogo mno. Mwanga uliingia kidogo kidogo, na mtu aliyetaka picha ya uso wake alilazimika kukaa juani dakika kadhaa bila kutikisika. Ndiyo maana picha nyingi za mwanzo kabisa ni za majengo na sanamu, vitu visivyopepesa macho.

Aliyelitatua tatizo hilo ni Joseph Petzval, profesa wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Vienna. Petzval hakuwa mtu wa Vienna. Alizaliwa mwaka 1807 katika mji mdogo wa Spišská Belá, wakati huo ukiwa katika ufalme wa Hungary na leo nchini Slovakia, akahamia Vienna mwaka 1837. Kabla yake mafundi wa vioo walifanya kazi kwa kubahatisha: walisugua kioo, wakatazama, wakasugua tena. Petzval aliketi na kalamu, akahesabu njia ya mwale baada ya mwale kabla kioo chochote hakijaguswa. Inasimuliwa kwamba jeshi la Austria lilimwazima askari wa mizinga, watu waliozoea hesabu za masafa, wamsaidie katika kazi hiyo.

Mwaka 1840 lenzi yake ya vioo 4 ilikuwa tayari, yenye uwazi wa takriban f/3.6. Alama hiyo isikutishe. Maana yake ni kwamba ukichukua urefu wa fokasi ya lenzi na kuugawanya kwa 3.6, unapata upana wa tundu linaloingiza mwanga. Namba ikipungua, tundu limepanuka na mwanga umeongezeka. Lenzi ya Petzval iliingiza mwanga zaidi ya mara 10 ya zile zilizoitangulia. Katikati ya picha palikuwa wazi kabisa, lakini pembezoni palikuwa na ukungu. Kwa mpiga picha wa mandhari hiyo ni hasara. Kwa mpiga picha wa nyuso ilikuwa faida, maana jicho la mtazamaji lilikwenda moja kwa moja usoni. Petzval alijua anachokiacha na anachokipata.

Aliyeitengeneza ni fundi wa Vienna, Peter Wilhelm Friedrich von Voigtländer. Petzval alipata malipo ya mara moja tu, huku lenzi ikiuzwa kwa maelfu, na urafiki wao ukageuka ugomvi. Mwaka 1849 Voigtländer akafungua kazi Braunschweig, Ujerumani. Nje ya himaya ya Austria ubunifu huo haukulindwa, na mafundi wa nchi nyingine wakauiga watakavyo. Katika shaba ya lenzi zile lilichongwa jina la Voigtländer. Jina la aliyezihesabu halikuwepo.

Mjerumani wa London, na studio za pwani

Siku chache baada ya kukutana kwetu, Mzee alinialika nyumbani kwake, ghorofa ya 4, tunywe chai ya maziwa. Alifungua kabati, akatoa soksi nene ya sufi, na ndani ya soksi ikatoka lenzi ya shaba iliyokwaruzika. Aliyekuwa mwenye studio alimwachia alipofunga kazi Mombasa. Ukingoni iliandikwa: Dallmeyer, London.

"Tulifungia kamera kubwa ya mbao," alinieleza. "Haikuwa na kifungo cha kubonyeza. Nilikuwa nikiondoa kifuniko kwa mkono, nahesabu moja, mbili, narudisha. Mteja nishamwambia asicheke wala asipumue. Hii ni kazi ya Waingereza, mwanangu, vitu vyao vya zamani havichakai."

Nilimwambia kwamba amesema nusu ya kweli. John Henry Dallmeyer alizaliwa Westphalia, Ujerumani, mwaka 1830. Aliwasili London mwaka 1851, akapata kazi kwa fundi mashuhuri wa vioo, Andrew Ross, na baadaye akamwoa bintiye. Mwaka 1866 alitoa lenzi iliyoitwa Rapid Rectilinear. Siri yake ni ulinganifu: nusu mbili zinazofanana zimeelekezana, kama mtu na sura yake kiooni, na tundu la mwanga likiwa katikati. Nusu ya mbele ikipinda mstari kuelekea nje, nusu ya nyuma huurudisha ndani, na ukuta wa nyumba hutoka umenyooka. Mwaka huo huo Hugo Adolph Steinheil wa Munich alitoa lenzi yake, Aplanat, kwa wazo lile lile. Kwa miongo mingi lenzi za namna hii, kwa majina mbalimbali, zilikuwa macho ya kamera za watu wa kawaida.

Hizo ndizo zama ambazo upigaji picha ulikita mizizi katika pwani yetu. Zanzibar, mwishoni mwa karne ya 19, ilikuwapo studio ya A.C. Gomes, mtu wa asili ya Goa, ambayo picha zake za masultani, bandari na watu wa mji zilisambaa duniani kwa njia ya kadi za posta. Mwaka 1930 Ranchhod Oza, aliyetoka India, alifungua Capital Art Studio katika Mji Mkongwe, na mwanawe Rohit akairithi kazi hiyo. Kwa hiyo mteja wa studio ya pwani aliyeketi mbele ya lenzi kama ile ya Mzee alitazamwa na mpiga picha ambaye yeye au baba yake alivuka bahari, kupitia kioo cha London kilichobuniwa na Mjerumani.

Kioo kipya, na utando usioonekana

Hadi kufikia miaka ya 1880 wabunifu walikuwa wamegota. Hesabu walikuwa nazo, kioo hawakuwa nacho. Aina zilizopatikana zilikuwa kimsingi mbili, kioo chepesi na kioo kizito chenye madini ya risasi, na kila kioo kilichopinda mwanga zaidi kilitawanya rangi zaidi vile vile. Mwaka 1884 mjini Jena, mwanafizikia Ernst Abbe na mkemia Otto Schott, pamoja na Carl Zeiss na mwanawe Roderich, walianzisha kiwanda cha kioo. Schott aliyeyusha mchanga pamoja na bariumu, boroni na madini mengine, akapata vioo vilivyopinda mwanga sana bila kutawanya rangi sana. Ilikuwa kama mpishi aliyepikia chumvi na pilipili tu miaka yote, kisha akafunguliwa duka la viungo.

Matunda yake hayakuchelewa. Mwaka 1890 Paul Rudolph wa kampuni ya Zeiss alitoa lenzi iliyoweza kuondoa ukungu katikati na pembezoni kwa pamoja. Mwaka 1893 Mwingereza Harold Dennis Taylor, wa mji wa York, alionyesha kwamba vioo 3 tu vinatosha, ikiwa kimoja mbonyeo kitawekwa kati ya viwili mbinuko kwa nafasi zilizopimwa. Mwaka 1902 Rudolph alitoa Tessar, lenzi ya vioo 4, viwili vya nyuma vikiwa vimegandishwa pamoja. Ilikuwa ndogo, nafuu na kali, na ilitengenezwa kwa karibu karne nzima, na Zeiss pamoja na wengi walioiiga.

Lakini kazi kubwa zaidi ya Rudolph ilikaa rafuni. Mwaka 1896 alibuni Planar, lenzi ya vioo 6 vilivyopangwa kwa ulinganifu, ambayo kwa hesabu iliwashinda wenzake wote. Tatizo ni kwamba kila mahali mwanga unapotoka hewani kuingia kiooni, au kiooni kutoka hewani, sehemu yake kama asilimia 4 au 5 huakisiwa. Planar ilikuwa na sehemu 8 za namna hiyo. Zaidi ya robo ya mwanga ulipotea njiani, na ule ulioakisiwa ulizunguka ndani ya lenzi na kuifunika picha kama moshi mwepesi. Mwaka 1920 Mwingereza Horace Lee wa Leicester aliuvunja ulinganifu ule na kupata lenzi ya f/2, lakini moshi ulibaki.

Dawa yake iligunduliwa kwa kutazama uchafu. Taylor, yule wa York, aliona kwamba lenzi za zamani, ambazo uso wake ulikuwa umebadilika rangi kwa miaka, zilipitisha mwanga mwingi kuliko mpya. Mwaka 1904 alipewa hataza ya kuzeesha kioo kwa dawa, ila njia hiyo haikuaminika. Jibu kamili lilipatikana Jena mwaka 1935. Aliyelitoa ni Alexander Smakula, mtoto wa kijiji cha Dobrovody, katika nchi ambayo leo ni Ukraine. Alifukiza madini ndani ya chombo kisicho na hewa, yakatua juu ya kioo na kufanya utando mwembamba wenye unene wa robo ya wimbi la mwanga. Mwanga unaoakisiwa juu ya utando na ule unaoakisiwa chini yake hupingana, vikafutana. Vita vilipozuka, utando huo ulianza kwanza kutumika katika vifaa vya kijeshi. Baada ya vita ukawafikia raia, na Planar ikatolewa rafuni. Lenzi nyingi za kawaida za milimita 50 zilizotengenezwa tangu miaka ya 1950 ni wajukuu zake.

Vita na utawanyiko

Mjini Wetzlar, wakati huo, kampuni ya Ernst Leitz ilikuwa imeleta mapinduzi mengine. Oskar Barnack alibuni kamera ndogo inayotumia filamu ya sinema, Leica, iliyotolewa rasmi mwaka 1925, na Max Berek akaibunia lenzi. Picha yenyewe ilikuwa ndogo kama stempu kubwa, na ilikuzwa baadaye. Hivyo lenzi ililazimika kuwa kali kuliko zote zilizotangulia, maana kinachokuzwa ni pamoja na makosa.

Kabla ya vita, mwenye kampuni, Ernst Leitz wa pili, aliwasaidia wafanyakazi wa Kiyahudi na jamaa zao kuondoka Ujerumani, baadhi yao wakipelekwa katika ofisi yake ya New York. Binti yake, Elsie Kühn-Leitz, alikamatwa na Gestapo mwaka 1943 kwa kumsaidia mwanamke wa Kiyahudi aliyetaka kukimbilia Uswisi. Ikumbukwe pia kwamba kiwanda hicho hicho, kama vingi vya Ujerumani wakati huo, kilitumia vibarua wa kulazimishwa waliotolewa Ukraine. Mambo yote mawili ni sehemu ya historia yake.

Mwaka 1945 majeshi ya Marekani yalifika Jena kwanza. Walipoondoka kuwaachia Warusi walichukua makumi ya wataalamu wa Zeiss na kuwapeleka magharibi, ambako kampuni ya pili ya Zeiss ilizaliwa Oberkochen. Warusi nao wakabeba mitambo na baadhi ya wafanyakazi. Lenzi ya Sonnar, iliyobuniwa na Ludwig Bertele mwanzoni mwa miaka ya 1930, ikaendelea kutengenezwa katika Muungano wa Kisovieti kwa jina la Jupiter. Bertele mwenyewe akahamia Uswisi. Smakula akapelekwa Marekani, akaishia kuwa profesa katika chuo cha MIT. Ujuzi uliokuwa umekusanyika katika miji miwili mitatu ya Ujerumani ulitawanyika kama kuku walioona mwewe.

Waliokuja kwa muda

Hapo ndipo historia hii inapoingia Ontario. Mwaka 1952 kampuni ya Leitz ilianzisha kiwanda Midland, mji mdogo wa ghuba ya Georgian, takriban kilomita 150 kaskazini ya hapa Parkdale. Ujerumani ilikuwa imegawanyika, Vita Baridi vilikuwa vimeanza, na soko la Amerika ya Kaskazini lilikuwa likikua. Lilitumwa kundi la mafundi kutoka Wetzlar, na miongoni mwao alikuwa Walter Mandler, aliyezaliwa mwaka 1922 na kuajiriwa na Leitz mwaka 1947, miaka miwili kabla ya kifo cha Max Berek. Makusudio yalikuwa akae kwa muda. Akakaa maisha yake yote, akachukua uraia wa Kanada, na akafariki mwaka 2005.

Mandler alibuni makumi ya lenzi, na alikuwa miongoni mwa wabunifu wa Leitz walioitumia kompyuta mapema. Kazi ambayo askari wa Petzval waliifanya kwa kalamu, mashine ilifanya kwa usiku mmoja. Lakini mashine haiamui ni kasoro ipi ivumiliwe. Hilo lilibaki kwa mtu.

Mfano wake bora ni Noctilux ya f/1, iliyotolewa katikati ya miaka ya 1970. Tundu lake ni pana sawa na urefu wa fokasi yenyewe, na liliingiza mwanga mara 4 ya lenzi ya f/2. Kwa lenzi hiyo uliweza kupiga picha kwa mwanga wa mshumaa. Noctilux ya kwanza, ya mwaka 1966, ilikuwa ya f/1.2 na ilihitaji vioo ambavyo uso wake si sehemu ya tufe, vilivyosuguliwa kwa taabu kubwa na gharama kubwa, na zilitengenezwa chache. Mandler akaachana na njia hiyo. Alitumia vioo 7 vya kawaida vya tufe, lakini vya aina inayopinda mwanga mno, iliyotokana na utafiti wa maabara ya kioo ya Wetzlar. Alikubali pembe za picha zififie lenzi ikiwa wazi kabisa, ili katikati pabaki na uhai. Utaona kwamba ni yale yale mapatano ya Petzval, yakirudiwa ng'ambo ya bahari baada ya zaidi ya miaka 130. Noctilux hiyo iliendelea kuuzwa hadi mwaka 2008.

Si lenzi tu. Katika miaka ya 1970 mauzo ya kamera za Leica za aina ya M yalikuwa mabaya, na ilielekea kwamba zingeachwa. Mwishoni mwa muongo huo kiwanda cha Midland kilianza kutengeneza Leica M4-2, na aina hiyo ikaendelea kuishi. Wako watu waliozidharau kamera hizo kwa sababu tu hazikuandikwa Ujerumani. Mwaka 1990 kiwanda kiliuzwa kwa kampuni ya Kimarekani ya Hughes.

Jibu la Mzee

Sasa narudi dirishani, kwa zile Summicron mbili. Lenzi ya milimita 35 ya aina ile ilitoka mwaka 1958, ina vioo 8, na inatambuliwa kuwa kazi ya Mandler, iliyobuniwa Midland. Ilitengenezwa huku na ilitengenezwa Wetzlar pia, kwa hesabu zile zile. Kwa hiyo ile yenye jina Wetzlar, ile ya bei kubwa, nayo fikra yake ni ya Ontario, ya mhamiaji. Anayelipa zaidi analipia jina la mji.

Nilimweleza Mzee haya yote kwa furaha, nikidhani nimemletea zawadi. Alisikiliza hadi mwisho, akazungusha lenzi yake ya shaba mkononi.

"Mandler alipofika hapa," aliniuliza, "nani alimwambia hana uzoefu wa Kanada?"

Hapo nikakumbuka kisa chake, ambacho nilikuwa nacho kwa vipande vipande. Alifika Toronto miaka ya 1970 akiwa na barua za mwajiri wake wa Mombasa na miaka 11 ya kazi: kupiga, kusafisha, kuchapisha, kufungua lenzi na kuzifunga. Kila alikoomba kazi ya picha aliulizwa uzoefu wa hapa. Wa kule haukuhesabiwa. Akaingia kiwanda cha kupakia vyakula, na humo akastaafia. Usiku, jikoni, alikuwa akizitengeneza kamera za majirani, na malipo yake mara nyingi yalikuwa sahani ya chakula.

Sikuwa na cha kumjibu, ila nitasema hili kwa msikilizaji. Mandler hakufika peke yake akiwa na barua mfukoni. Alikuja na kampuni yake, kiwanda kikamngoja, na uzoefu wa Wetzlar ukapokelewa kama dhahabu. Dallmeyer alifika London peke yake, lakini alikutana na fundi aliyeitazama mikono yake. Petzval alikuwa na chuo. Historia ya lenzi inatuonyesha wahamiaji waliofaulu kwa sababu ni hao walioacha majina. Waliofunguliwa mlango tunawajua. Waliofungiwa hawakuchonga chochote ukingoni mwa kitu chochote. Mwaka 2013 Tume ya Haki za Binadamu ya Ontario ilitangaza kwamba kumtaka mwombaji kazi awe na uzoefu wa Kanada ni ubaguzi, isipokuwa mwajiri athibitishe kwamba hana budi. Kwa Mzee tangazo hilo lilichelewa miaka 40.

Jumamosi iliyofuata tulirudi dukani. Mzee alimwomba kijana mwenye duka amtolee zile lenzi mbili. Alizishika kama mtu anavyoshika mayai, akazitazama kwenye mwanga, akafungua na kufunga matundu yake, akasikiliza mlio wa pete. Kisha akanigeukia, akiwa ameyafunika majina kwa vidole gumba.

"Haya, mwanangu. Ipi ya wapi?"

Nilizitazama kwa muda mrefu. Nikaonyesha ya kushoto, nikasema Wetzlar. Mzee akaondoa vidole: ilikuwa ya Midland. Kijana wa duka akacheka, Mzee naye akacheka, akamrudishia lenzi zake moja moja na kumshukuru. Hatukununua hata moja, maana bei zote mbili zilitushinda.

Mpenzi msikilizaji, iwapo nyumbani kwako ipo kamera ya zamani ya babu au ya shangazi, itoe kabatini, uifute vumbi, usome maandishi yaliyo ukingoni mwa lenzi. Sasa unajua kwamba jina utakalolikuta pale ni mwanzo tu wa habari yake.